Chakula cha Punguzo: Kipimo cha Umaskini Katika Shule za Marekani

Ripoti za elimu za Marekani zinapotaka kuonyesha umaskini wa shule, kwa kawaida hutaja asilimia ya wanafunzi wanaostahiki chakula cha mchana cha bure au cha bei ya punguzo. Kwa miongo mingi kipimo hicho kimetumika kulinganisha matokeo ya mitihani na kugawa fedha kwa shule zenye watoto wa kipato cha chini.

Chimbuko lake ni sheria ya chakula cha mchana shuleni iliyotiwa saini na Rais Harry Truman mwaka 1946. Siku hizi mzazi hujaza fomu yenye majina ya wanakaya wote, kipato cha kila mmoja, na tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima mmoja, kama anayo. Kipato kisipozidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini, mtoto hula bure. Kikizidi hapo lakini kisipite asilimia 185, hulipa senti zisizozidi 40. Katika mwaka wa masomo wa 2024–25, mipaka hiyo kwa kaya ya watu wanne ilikuwa dola 40,560 na dola 57,720 kwa mwaka.

Maneno ya Kiingereza "reduced price" wengi huyatafsiri "bei nafuu". Lakini nafuu huweza kuwa bei ya kitu chochote kisicho ghali, ilhali hapa bei imeshushwa kisheria kwa sababu ya kipato cha nyumbani. "Bei ya punguzo" inafaa zaidi.

Neno la kuchungwa kuliko yote ni "kustahiki". Mtoto anaweza kustahiki na asile, kwani wapo vijana wa sekondari wanaoona haya kuonekana wakipokea chakula cha msaada. Mwingine ana shida kweli, ila fomu yake haikurudishwa, basi hahesabiwi.

Tangu 2014, shule zenye wanafunzi wengi waliokwisha kutambuliwa kuwa wa kipato cha chini kupitia misaada ya serikali, kama ile ya chakula kwa kaya, zinaruhusiwa kulisha wote bure bila fomu. Kigezo cha kujiunga na mpango huo kilikuwa asilimia 40 ya wanafunzi wawe wametambuliwa hivyo. Mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. Majimbo ya California na Maine nayo yalianza kulisha wanafunzi wote wa shule za umma mwaka 2022. Ni hatua njema kwa watoto, lakini mtoto wa daktari na wa mfagiaji sasa wanaweza kuandikwa safu moja.

Kwa hiyo mfasiri asiandike "wanafunzi maskini" pale ripoti inaposema "wanaostahiki", na msomaji akikuta asilimia 100, aulize kwanza kama shule hiyo inalisha wote.