Kairo Ionekanavyo Kutoka Ngomeni

Mtu asimamapo juu ya ukuta wa magharibi wa ngome ya Kairo, huuona mji mkuu wa Misri umelala chini yake. Karibu kabisa na kilima kuna msikiti wa Sultani Hasan, ulioanza kujengwa mwaka 1356. Upande wa kushoto kuna msikiti wa Ibn Tulun, uliokamilika mwaka 879, wenye mnara uliozungushiwa ngazi kwa nje. Mbele zaidi hupita Mto Naili, ambao sehemu ya maji yake hutoka katika Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya mto, siku isiyo na vumbi, huonekana piramidi za Giza, zenye umri upatao miaka 4,500.

Mandhari hiyo huwapendeza wageni wengi. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: ni nani aliyekichagua kilima hiki, naye alikitaka kwa kazi gani?

Salahuddin ndiye aliyeamuru ngome ijengwe, mwaka 1176. Msimamizi wake, Karakush, alibomoa piramidi ndogo za Giza ili apate mawe. Msafiri Ibn Jubayr, aliyefika Kairo mwaka 1183, aliwakuta mateka wa vita wakipasua mawe na kuchimba handaki la ngome hiyo. Basi kuta ambazo leo twazipanda kwa starehe zilijengwa kwa mawe ya makaburi ya kale na kwa jasho la watu wasio huru.

Kilima kilichaguliwa kwa sababu aliye juu huwaona walio chini kabla hawajamfikia. Kutoka hapo mtawala aliweza kuliona jeshi lijalo kutoka mbali, na ghasia zikizuka mjini. Mwaka 1811 Muhammad Ali Pasha aliwaalika wakuu wa Wamamluki katika sherehe ngomeni, kisha akawaua walipokuwa wakiteremka katika njia nyembamba iendayo langoni. Msikiti wake, wenye minara miwili mirefu, ulianza kujengwa mwaka 1830 juu ya kilima hicho hicho, na mpaka leo huonekana kutoka pande nyingi za mji. Waingereza nao, walipoivamia Misri mwaka 1882, waliishika ngome upesi, wala majeshi yao hayakuiachia mpaka mwaka 1946.

Mwaka 1961, Misri ikiwa imekwisha kujitawala, ulikamilika Mnara wa Kairo katika kisiwa cha Gezira, katikati ya Naili. Urefu wake ni mita 187. Mnara huo hauna mizinga wala gereza. Raia hulipa kiingilio, akapanda, akautazama mji wake. Tendo la kutazama ni lile lile, lakini mwenye macho amebadilika.

Kwetu pia maboma mengi ya wakoloni yalijengwa mahali palipoinuka, na sababu haikuwa hewa safi peke yake. Mwalimu awapelekapo wanafunzi kilimani kuutazama mji wao, awaonyeshe soko, misikiti, makanisa na mto. Kisha awaulize ni nani waliosimama pale zamani, na ni nani waliobeba mawe.