Sikio la Ajuza: Mifano ya Injili na Uponyaji Usukumani

Katika maandishi juu ya historia ya Ukristo Usukumani hurudiwa mara kwa mara dai kwamba mifano ya Yesu, yaani hadithi fupi alizozitumia kufundishia, ilipokewa kwa wepesi kwa sababu Wasukuma walikuwa tayari watu wa hadithi na methali, hata wamisionari wakabakiwa na kazi ya kubadilisha majina tu. Dai hilo lina ukweli kiasi, lakini linaliruka swali ambalo msikilizaji wa Shinyanga alikuwa nalo moyoni kila aliposikia habari za mtu aliyepatwa na balaa, nalo ni swali la nani aliyeisababisha.

Mfuatano wa matukio unafahamika vya kutosha. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Africa Inland Mission ilipokea kituo cha Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, na mwaka 1913 ikaanzisha Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ambako hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma vilikua bega kwa bega na mahubiri. Wamaryknoll kutoka Marekani walikuja baadaye, na mmoja wao, Edward McGurkin, akawa askofu wa kwanza wa Shinyanga mwaka 1956.

Chanzo ambacho wanahistoria wamekipuuza ni vijitabu vya Kiswahili vilivyoitwa Kueneza Injili kwa Methali, ambavyo mapadre wawili wa Maryknoll, Donald Sybertz na Joseph Healey, walianza kuvichapisha katika miaka ya 1980. Sybertz aliishi miaka mingi Ndoleleji, katika Kishapu ya leo, akikusanya methali, nyimbo na hadithi pamoja na wenyeji, na mwaka 1996 yeye na Healey walitoa kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha teolojia iliyojengwa juu ya masimulizi hayo. Wasomi walikipokea kitabu hicho na kuvisahau vijitabu, ingawa vijitabu ndivyo vilivyoandikwa kwa lugha ambayo katekista angeweza kuisoma mbele ya watu wake.

Hadithi iliyopewa uzito wa pekee katika kazi hiyo ni ya Masala Kulangwa, jina linalomaanisha mtu mwenye akili na busara. Zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mtoto wake alipokua aliuliza watu wengine wako wapi, akaanza kuwinda, na kila alipoua mnyama alimwuliza mama kama huyo ndiye Shing'weng'we, akijibiwa kuwa huyo ni panzi, ni ndege, ni swala tu. Mwishowe alilipata zimwi lenyewe, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Wahubiri wengi wamemwona Kristo katika ushindi huo, na wakosoaji wamejibu kwamba huko ni kuivalisha ngano ya kale kanzu ya padre.

Pande zote mbili hupita haraka mno mahali palipo na ugumu. Kisu cha Masala Kulangwa, kilipokuwa kikipasua tumbo la zimwi, kilikata sikio la ajuza mmoja, naye kwa hasira akataka kumroga mkombozi wake. Kijana hakumwadhibu wala hakumshtaki kwa wakuu, alitafuta dawa akamponya, na baada ya hapo watu wakamfanya mtemi, yaani mtawala wao. Msomaji wa Luka 22 atakumbuka sikio la mtumishi wa kuhani mkuu lililoponywa usiku wa kukamatwa kwa Yesu. Lakini hata bila kufananisha huko, simulizi la Kisukuma lenyewe linakiri kwamba ukombozi unaweza kujeruhi, na kwamba anayeshukiwa uchawi anaweza kuwa ndiye aliyeumizwa.

Hapo ndipo mfano wa Msamaria mwema unapopata makali yake. Mgonjwa aendapo kwa mfumu, yaani mganga apigaye ramli, hutaka kujua nani aliyemtenda, na jibu la swali hilo huwa na mtu ndani yake, mara nyingi jirani au ndugu. Mfano wa Luka 10 unamwonesha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, kisha hauwatafuti wanyang'anyi hao hata kidogo. Unahesabu mafuta, divai, mnyama wa kumbebea majeruhi na dinari mbili za mwenye nyumba ya wageni. Healey na Sybertz walipomwita Kristo mganga mkuu, Frans Wijsen na Ralph Tanner, katika kitabu chao cha mwaka 2000, walisisitiza kuwa Msukuma hutafuta maisha mema hapa duniani kuliko mafundisho ya dini. Hoja yao ni nzuri, ila haiwapingi wenzao kwa kiasi wanachodhani, kwa kuwa neno mhola, ambalo katika salamu za Kisukuma hubeba amani na afya kwa pamoja, halitenganishi mambo hayo mawili.

Ajuza wa hadithi ana dada zake katika historia. Kwa miongo kadhaa wanawake wazee wa Shinyanga waliuawa wakituhumiwa uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo ulitokana zaidi na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba katika nchi iliyokosa kuni. Miti ilikuwa imefyekwa kwa wingi, kwanza katika vita vya serikali ya kikoloni dhidi ya mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, hata ikalazimu mwaka 1986 kuanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Geita kuna hali nyingine. Katika rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji wadogo kwenye dhahabu mpya, hukusanyika watu wa makabila mengi ambao wengine hawajapata kumsikia Masala Kulangwa, na wahubiri wa utajiri huupenda mno mfano wa hazina iliyositirika shambani, wakiusoma kana kwamba ni ramani. Usomaji huo haustahili kupotezewa muda. Mchimbaji anajua tayari kwamba kwa sheria ya madini ya mwaka 2010 kilicho chini ya shamba si mali ya mwenye shamba, na anajua pia kwamba mwenzake aliyeshuka naye katika duara, yaani shimo la kuchimbia, huenda alipitia kwa mganga kabla ya kushika kamba. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshtua Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, anajua vilevile dawa ya bahati iliwahi kutafutwa katika mwili wa nani.