Vijiwe vya Kibofu katika Wanyama Wafugwao

Vijiwe vya kibofu ni maradhi yatokanayo na madini ya mkojo, ambayo, maji ya mwilini yakipungua na mkojo ukawa mzito, hugeuka fuwele, na fuwele zikishikamana huwa changarawe au mawe kamili. Upungufu huo wa maji hutegemea pia mahali: Nunguni, mji wa vilima vya Kilungu katika Kaunti ya Makueni, una hewa ya baridi. Bali ukishuka tambarare za Makueni na Kitui, katika miezi ya kiangazi baina ya mvua mbili za mwaka, maji hubebwa na punda kutoka mbali, na mfugo hunywa kilichosalia baada ya watu.

Aliye katika hatari zaidi ni dume, kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mrefu na mwembamba. Jike naye hufanya mawe, lakini ni nadra kuzibika. Katika mbuzi, msiba huu humwangukia hasa ndafu, yule aliyehasiwa angali mdogo kabla mrija haujapanuka, kisha akanoneshwa kwa pumba, zenye fosforasi tele na kalsiamu haba. Kijiwe hukwama mara nyingi katika ile ncha iliyo mfano wa uzi mwishoni mwa uume, na daktari wa mifugo akiikata, mkojo huenda ukatiririka papo hapo. Kikikwama juu zaidi, penye pindo la mrija, hila hiyo haifai kitu. Kinga yake ni kuchelewesha kuhasi (ingawa bei ya sokoni haina subira), kupunguza pumba, kuweka chumvi ya kulamba na maji safi karibu nayo, na kulinganisha chakula hata kalsiamu iwe sehemu 2 kwa fosforasi sehemu 1.

Paka, ambaye asili yake ni paka-mwitu wa nchi kavu, hana ada ya kunywa sana. Yafaa dagaa wake waroweshwe majini. Shume akijikamua bila kutoa kitu, akilia na kujiramba, wenyewe hudhani amefunga choo, na dhana hiyo ni ya hatari: taka na potasiamu hubaki damuni, na moyo waweza kusimama katika siku 2 au 3. Tumbo lisikamuliwe abadan, kwani kibofu huweza kupasuka.

Kwa mbwa, mawe huwa ya aina mbalimbali. Ya struviti aghalabu huletwa na vijidudu, na huyeyuka kwa dawa na chakula maalumu. Ya oksalati ya kalsiamu hayayeyuki kwa chakula chochote, hivyo hayana budi kutolewa. Ya yurati, ambayo mbwa wa jamii ya Dalmatian huyaelekea kwa urithi, aghalabu hufichika katika picha ya eksirei ya kawaida, na hutafutwa kwa altrasaundi.