Aliyeshangiliwa Ni Mnyonyaji

Juma lililopita nilialikwa na shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, nikawasaidie wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotunga mchezo wa kuigiza. Nilipanda daladala na vitabu vyangu vichakavu kikapuni, nikafika jasho likinitiririka, nikakuta ubaoni pamechorwa mlima. Chini upande wa kushoto pameandikwa “mwanzo”, juu kabisa “kilele”, chini upande wa kulia “mwisho”. Wanafunzi walikuwa wameunakili kwenye madaftari yao kwa rula.

Mlima ule mimi naufahamu. Wengi hudhani ulichorwa na Aristotle, lakini la hasha. Uliletwa na Mjerumani mmoja, Gustav Freytag, katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu ufundi wa tamthiliya. Alizichungua tamthiliya za Wagiriki na za Shakespeare, akaona zinapanda na kushuka, akazigawa sehemu tano. Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema jambo dogo zaidi na gumu zaidi: kwamba mchezo una mwanzo, kati na mwisho, na kwamba tukio la pili litokee kwa sababu ya lile la kwanza, si baada yake tu. Mtu akianguka, kisha mvua ikanyesha, hapo hakuna mchezo. Mvua ikinyesha, njia ikateleza, mtu akaanguka na barua aliyokatazwa kuionyesha ikamtoka mfukoni, hapo tunaweza kuanza kukaa vizuri.

Basi wale mabinti wakanisomea kazi yao. Inahusu msichana aliyepata mimba akiwa kidato cha pili, akafukuzwa shule, akajifungua. Mwezi Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana wa namna hiyo warudi darasani, naye akarudi. Wenzake hawataki kukaa naye. Hadi hapo nilikuwa nimeacha kujipepea. Kisha, ukurasa wa mwisho, akaingia mgeni rasmi! Mgeni rasmi huyo akazungumza ukurasa mmoja na nusu juu ya umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike, wote wakapiga makofi, pazia likafungwa.

Nikamtazama mwalimu wao. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Mzee, ujumbe usipotoka waziwazi waamuzi watatukata alama.”

Sikumcheka, maana nimewahi kuwa mahali pale pale. Mwaka 1974 nami nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka saba, na kila shule ilikuwa na ngonjera zake na michezo yake ya kumpiga vita mnyonyaji. Nikatunga wa kwangu. Wanakijiji ni wema. Bwana Kupe anawanyonya. Mwishoni anaingia Katibu wa TANU, anasoma maneno ya Azimio, Bwana Kupe anafungwa kamba. Tulicheza bwaloni usiku, kwa taa za karabai. Unajua nani aliyeshangiliwa? Bwana Kupe. Kila akiingia bwalo linalipuka. Akitoka watu wananong’ona. Katibu alipoanza kusoma, wa nyuma walikuwa wameshaanza kutafuta ndala zao.

Kesho yake nikaitwa ofisini kueleza kwa nini namtukuza mnyonyaji. Nilifagia bwalo lile kwa majuma mawili, na mchezo ukafutwa kwenye Siku ya Wazazi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watazamaji ndio waliokuwa wajinga.

Aliyenifumbua macho ni Ebrahim Hussein, na si kwa kunifundisha darasani, bali kwa kitabu chake cha Kinjeketile, kilichotoka mwaka 1969. Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa sijaona somo la kutunga mchezo lililo bora kuliko hili katika lugha yetu.

Hussein alikuwa na habari ambayo mwisho wake unajulikana. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa na Wajerumani mwaka huo huo, maji hayakuzuia risasi. Sasa utamshikaje mtazamaji anayejua yote hayo? Mtunzi wa kawaida, yaani mimi wa mwaka 1974, angeweka Wajerumani wabaya upande huu na wananchi wema upande ule, wapigane mpaka pazia. Hussein hakufanya hivyo. Anaanza na wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa. Waume zao wanalazimishwa kulima pamba ya Mjerumani. Kwa hiyo kabla hatujasikia neno lolote la maji tumeshajua watu hawa wanataka nini, na wanakitaka kiasi gani. Kisha Kinjeketile anatoka mtoni na habari za Hongo, na makabila yaliyokuwa hayaaminiani yanaungana.

Hapo ndipo mwandishi anapofunga fundo. Kinjeketile anagundua kwamba katika maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa limo pia hili, kwamba wakishamtoa Mjerumani watakuwa chini ya Seyyid Said. Anashtuka. Huyo Hongo ni nani basi? Aristotle aliuita wakati wa namna hii utambuzi. Lakini tazama ufundi wenyewe: anatambua wakati neno limeshamtoka na liko midomoni mwa watu. Akisema ni uongo, umoja unavunjika. Akinyamaza, watu wataikimbilia risasi wakiamini ni maji. Anajaribu kuwachelewesha, hawacheleweshiki. Adui mkubwa katika mchezo ule si bunduki ya Mjerumani, ni lile neno lake mwenyewe. Na mwisho, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Ameshinda au ameshindwa? Nimelijibu swali hilo kwa namna tofauti kila nilipokisoma kitabu kile. Katika utangulizi Hussein anaonya kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia, na nadhani uhuru huo ndio uliompa nafasi ya kumtia shaka moyoni.

Baada ya hapo niliurudia hata mchezo wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1963 akiwa Rais. Wanafunzi hulalamika kwamba Kaizari anauawa katikati, na bado kuna sehemu mbili nzima za kusoma. Ni kweli. Ila mchezo haugeuzwi na kisu. Unageuzwa na Brutus anapomruhusu Antony ahutubie mazishini, na Cassius ameshamwonya asifanye hivyo. Ni ruhusa tu, ya mtu muungwana, na ndiyo inayomwangamiza.

Wala nisieleweke kwamba kila mchezo lazima upande mlima wa Freytag. Penina Muhando, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, aliuacha kabisa. Ana Bi Msimulizi, kama bibi anayetoa hadithi jioni, na wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo. Wanajaribu, inashindikana, wanajaribu tena. Hussein mwenyewe mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo ya msimuliaji mmoja. Lakini hata kule Patata kuna watu wanaotaka jambo, wanalipigania mbele ya macho yako, na nguzo haisimami kwa kuwa mtunzi ameona aibu kuwanyima watazamaji furaha.

Turudi darasani. Niliwauliza mabinti wale swali moja, huyu msichana wenu anataka nini? Wakajibu kwa pamoja, elimu. Nikawaambia elimu ni kitu cha kwenye mabango, leo asubuhi anataka nini? Kimya. Kisha mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, akasema, “Anataka kukaa kwenye dawati lake la zamani.” Dawati lile analikalia nani? Rafiki yake. Kwa nini hampishi? Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao, mmoja akisema baba wa rafiki amemkataza, mwingine akisema la, rafiki ndiye aliyempeleka kwa yule mwanamume siku ya kwanza na anaogopa itajulikana. Darasa zima likageuka kumtazama. Mwalimu akaweka chaki chini.

Akaniuliza tu, “Sasa Mzee, mgeni rasmi tumweke wapi?” Nikamwambia mgeni rasmi ana kiti chake mstari wa mbele, akae pale atazame.

Onyesho ni Ijumaa ijayo, saa nane mchana. Nimeambiwa rafiki yule ameshapewa jina na sauti, na kwamba kwenye mazoezi juzi alisogea kidogo upande mmoja wa dawati, kisha akarudi katikati. Mwisho bado hawajauandika.