Baraza ya Sauti: Wasioona na Historia ya Mkutano wa Simu

Simu, ambayo Alexander Graham Bell alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1876, ilikuwa na sifa moja iliyo rahisi kusahaulika, nayo ni kwamba haikumdai mtumiaji wake macho. Barua ilihitaji kusomwa, telegramu vilevile, na asiyeona aliyeandikiwa alilazimika kumwanikia msomaji siri zake kabla hajazijua yeye mwenyewe, isipokuwa pale mwandishi na mwandikiwa walipofahamu wote wawili nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole ambayo Louis Braille aliyachapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1829. Katika simu, anayeona na asiyeona walikutana wakiwa sawa, kila mmoja akiwa sauti tu. Ni kinaya kwamba Bell, mwalimu wa viziwi ambaye mama yake na mkewe wote walikuwa viziwi, alibuni chombo kilichowafungia mlango wale aliowatumikia na kuwafungulia wengine.

Mlango huo, hata hivyo, haukuwa na komeo. Katika sehemu nyingi za mashambani nchini Marekani nyumba kadhaa ziliunganishwa kwa waya mmoja, mpango uliojulikana kama laini ya pamoja, na kila nyumba ilitambua simu yake kwa mpangilio wa milio ya kengele, huku jirani yeyote akiweza kunyanyua simu na kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno yasiyomhusu. Mazungumzo ya sauti ya watu wengi kwa pamoja yalianzia hapo, bila kukusudiwa.

Katikati ya wazungumzaji alikuwapo pia mwendeshaji wa ubao wa simu, mtu aliyechomeka na kuchomoa nyaya ili kuwaunganisha wapigaji, na kazi hiyo ikawa miongoni mwa kazi za ofisini zilizowapokea wasioona mapema. Kituo cha St Dunstan's, kilichoanzishwa London mwaka 1915 na Arthur Pearson, mmiliki wa magazeti ambaye naye alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, kiliwafundisha askari waliopofuka vitani uendeshaji wa simu pamoja na kupiga taipu na ukandaji wa mwili. Katika ubao wa zamani kila laini ilikuwa na kibati kidogo kilichoanguka kwa mlio mtu alipopiga simu, na kidole cha mwendeshaji kilikipata kibati hicho bila taabu. Taa ndogo zilipochukua nafasi ya vibati, ubao uleule ukawa bubu kwa asiyeona mpaka ulipofanyiwa marekebisho. Afrika Mashariki nako ofisi za umma na za mashirika zilipata kuajiri waendeshaji simu wasioona, na aliyekalia kiti hicho alibeba dhamana ya kutotoa nje aliyoyasikia. Asiyeona, basi, alikuwa mtunza faragha ya wengine muda mrefu kabla faragha yake mwenyewe haijawa hoja.

Sura iliyo tajiri kuliko zote katika historia hii ni ya vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliojifunza kuichezea mitambo ya simu. Josef Engressia, aliyezaliwa Virginia mwaka 1949 akiwa haoni, aligundua akiwa na umri wa karibu miaka 7 kwamba mluzi wa kiwango fulani ulikata simu ya masafa marefu. Mtandao wa simu wakati huo ulitumia mlio wa mitetemo 2,600 kwa sekunde kuashiria kwamba laini ya masafa marefu iko huru, na mlio huo ulisafiri ndani ya laini ileile iliyobeba maneno ya watu. Kwa hiyo yeyote aliyeweza kuutoa aliihadaa mitambo iamini kwamba simu imekwisha, kisha akaielekeza laini kwingine kwa milio mingine. Wengi walihitaji kifaa cha elektroniki kilichoitwa kisanduku cha buluu, lakini Engressia, ambaye sikio lake lilitambua noti ya muziki bila kulinganisha na ala yoyote, alihitaji midomo yake tu. Mwaka 1968, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Florida mjini Tampa, alichukuliwa hatua za nidhamu kwa kuwapigia wenzake simu za mbali kwa mluzi, na mwaka 1971 alikamatwa mjini Memphis.

Makala ya Ron Rosenbaum katika jarida la Esquire la Oktoba 1971 iliwatangaza vijana hao, na msomaji wake hawezi kukosa kuona ni wangapi kati yao hawakuona. Dhana kwamba asiyeona hufidiwa kwa masikio makali huwapendeza wanaoona, ila haielezi mengi. Kinachoeleza zaidi ni upweke na gharama, kwani kijana asiyeona aliyekuwa peke yake katika mtaa au shule ya wanaoona aliwapata wa aina yake kwenye simu tu, na simu ya masafa marefu ilikuwa ghali. Ukumbi wao mashuhuri uliitwa 2111, kutokana na tarakimu zilizofikisha mpigaji kwenye laini ya majaribio ya teleksi iliyoachwa bila kazi katika mtambo wa simu wa Vancouver, Kanada, ambako wote walioingia walisikiana kwa wakati mmoja. Anayeijua baraza ya nyumba ya mwambao ataelewa hali ilivyokuwa: mgeni hupiga hodi, waliopo huitikia mmoja mmoja, na kabla hajaketi asiyeona huwa ameshajua nani yupo, nani ameondoka na nani amenyamaza kwa hasira. Salamu ndiyo orodha ya mahudhurio.

Faragha ya ukumbi huo ilitegemea majina ya kubuni na uficho wa namba yenyewe, wala haikuwa na ulinzi mwingine. Kampuni ya simu nayo ilikuwa ikisikiliza. Mwaka 1975 gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilifichua kwamba AT&T, kupitia mpango wa siri ulioitwa Greenstar, ilikuwa imechunguza kwa mitambo zaidi ya simu milioni 30 za masafa marefu ikiwasaka waliokwepa malipo, na sehemu yake ilirekodiwa. Kiswahili cha leo kinamtenganisha mdukizi, anayesikiliza kwa siri, na mdukuzi, anayeingia kwenye mtambo usio wake. Katika laini za wakati ule si rahisi kusema nani alistahili jina lipi.

Kompyuta ilipokuja ililirudisha jicho mezani. Vitufe vya simu, vilivyoanza kutumika kwa wateja wa Marekani mwaka 1963 na ambavyo baadaye viliwekewa kinundu juu ya tarakimu 5, viliweza kujifunzwa kwa kidole katika dakika chache, ilhali skrini haikuwa na chochote cha kushikwa. Ilibidi ibuniwe programu ya kusoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi na vitufe vya kwenye skrini kuwa sauti au nukta nundu. Jim Thatcher aliitengeneza ya awali katika kampuni ya IBM katikati ya miaka ya 1980. Ted Henter, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya ajali ya gari ya mwaka 1978 kumpofusha, alishiriki kuleta JAWS mwaka 1989. Na mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuandika NVDA, ambayo hutolewa bure. Hii ya mwisho huja na sauti ya eSpeak, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, kwa hiyo mtumiaji wa Tanga au Bujumbura anaweza kusomewa skrini yake kwa Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti.

Kwa msaada wa programu hizo baraza ya sauti ilihamia kwenye intaneti. Skype, iliyotoka Agosti 2003 na kufungwa Mei 2025, ilizoeleka sana, lakini TeamTalk ya Denmark ndiyo iliyopendwa na wasioona kwa sababu zinazofanana ajabu na zile za Vancouver: huendeshwa kwa kibodi peke yake, hutamka jina la anayeingia na anayetoka, na mtu yeyote anaweza kuiweka seva, yaani kompyuta inayowaunganisha wote, nyumbani kwake na kuchagua nywila ya kuwagawia anaowaamini. Faragha hapo ni ya mwenye nyumba; akiwa mwaminifu wageni wako salama, na asipokuwa mwaminifu hakuna wa kumzuia.

Ugumu ulikuwa kizingitini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 tovuti nyingi zilianza kumtaka mgeni asome herufi zilizopindwapindwa ndani ya picha ili kuthibitisha kwamba ni binadamu, jaribio ambalo tangu mwaka 2003 hujulikana kama kapcha. Kwa kuwa programu ya kusoma skrini haiwezi kuisoma picha hiyo, asiyeona alimwita jirani amsomee, na jirani akaona pia jina, anwani na mkutano anaotaka kuingia. Mwandikiwa barua wa karne ya 19 alikuwa amerudi.

Ndani ya ukumbi mambo hayakuwa mepesi zaidi. Anayeandika nywila husikia neno "nyota" likirudiwa kwa kila herufi, na hiyo ni heri kuliko kutajiwa herufi yenyewe mbele za watu. Asipovaa spika za masikioni, sauti ya programu humwagika kwenye maikrofoni, na wote mkutanoni husikia ujumbe wa faragha aliotumiwa na mmoja wao. Akizivaa, masikio yake hubeba mazungumzo mawili kwa pamoja, ya msemaji na ya mashine inayotangaza kwamba fulani ameingia, fulani ametoka, fulani ameinua mkono, mpaka hoja ya msemaji inazama. Kamera nayo hujitangaza kwa kitaa kidogo ambacho kwake hakina maana, na ndiyo sababu baadhi hubandika kipande cha plasta juu ya lenzi.

Mwaka 2020 maradhi ya UVIKO-19 yaliwahamishia wanaoona kwenye baraza hiyo kwa mamilioni. Clubhouse, programu ya mazungumzo ya sauti tupu iliyoanza mwaka huo, ilizinduliwa ikiwa na vitufe ambavyo programu za kusoma skrini hazikuweza kuvitaja, kosa ambalo kwa ukumbi usio na picha ni vigumu kulitetea. Zoom iliwafaa zaidi wasioona: Alt na A hufunga au kufungua maikrofoni, mtumiaji anaweza kuchagua matangazo gani asomewe, na mwenye simu ya kawaida hujiunga kwa kupiga namba, akibonyeza nyota na 6 ili asikike na nyota na 9 ili kuomba kusema. Kuhusu usiri, hata hivyo, Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza Novemba 2020 kwamba kampuni hiyo ilikuwa imewapotosha watumiaji juu ya usimbaji fiche wake, yaani ufumbaji wa maneno ili asiye na ufunguo asiyaelewe. Mwezi uliotangulia kampuni ilikuwa imeanza kutoa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ambao hata yenyewe haina ufunguo wake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaja haki hizi mbili mahali pawili, ufikivu wa mawasiliano katika kifungu cha 9 na faragha katika kifungu cha 22, na watengenezaji wa programu nao wamezishughulikia kama kwamba hazijuani. Simu ya kawaida haiwezi kubeba ufunguo wa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kwa hiyo mwenyeji wa Zoom anapouwasha, njia ya kujiunga kwa kupiga namba hufungwa, na asiyeona mwenye simu ya vitufe hubaki nje.