Reli Iliyoteremka Ziwani

Kabla ya reli, aliyeazimia kwenda Ujiji kutoka Bagamoyo alitembea miezi mingi katika misafara ya wapagazi waliotwikwa merekani, shanga na masango, wakarejea na pembe za ndovu na, ole wao, binadamu wenzao waliotiwa minyororo. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na hapo hapo Stanley akamkuta Livingstone mwaka 1871.

Wadachi walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikawasili Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Ujiji, pamoja na umaarufu wake wote, iliachwa kando, kwani ufuo wake una maji haba na haukingwi na dhoruba, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na imezungukwa na vilima. Hivyo mji mkongwe ukawa jirani wa bandari changa, na miembe yake ikabaki kuwa shahidi wa njia ya misafara.

Haiba ya reli hii ni kupanda na kushuka kwake. Garimoshi huacha joto la pwani, likakwea kingo za Bonde la Ufa upande wa Saranda, likavuka nyanda za Unyamwezi zilizo juu ya bahari mita kama 1,200, ambako asali huuzwa madirishani, kisha likateremka taratibu kwa Malagarasi na Uvinza, nchi ya chumvi, hata abiria aliyechoka na vumbi akaliona ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Kwa reli hiyo hiyo ilikuja meli nzima: Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafumuliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wadachi wenyewe waliizamisha, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Sasa reli mpya inajengwa kuelekea Kigoma, nasi twaifurahia. Lakini enyi mlio na mamlaka, stesheni ile ya Kigoma iliyojengwa na Wadachi itunzeni, na njia ya zamani msiiache imezwe na magugu. Wana wa Ujiji na Kigoma wana haki ya kuirithi.