Samaki Arudishwaye Majini

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa langu habari za mito na maziwa, nikawaambia ya kuwa wako watu walipao fedha wapate kuvua samaki katika ziwa la mtu, kisha wakiisha kumvua humrudisha majini. Darasa zima likacheka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, basi nyumbani hula nini?" Sikuwa na jibu la upesi. Kwa hiyo nimeitafuta asili ya desturi hiyo, nami nataka kuwaeleza wasomaji, kwa maana ndani yake mna fundisho zaidi ya kichekesho.

Samaki mwenyewe aitwa trauti. Apenda maji safi ya baridi. Avuliwa kwa ufito na mshipi, na chambo chake ni inzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya hata ikafanana na mdudu. Ufundi huu ni wa kale. Yapata mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi wa Rumi jina lake Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyozungusha sufu nyekundu katika ndoana na kuitia manyoya mawili ya jogoo. Katika Uingereza kitabu juu ya uvuvi wa ndoana kilipigwa chapa mwaka 1496, nacho kiliwaonya wavuvi wasichukue samaki kupita kiasi.

Walakini kuonya si kurudisha. Mwaka 1828 Sir Humphry Davy, mtaalamu yule aliyevumbua taa ya salama ya wachimba makaa, aliandika kwamba mvuvi mwema akiisha kumtoa samaki, ama amwua mara moja ikiwa ni wa chakula, ama amrudisha majini. Shauri hilo lilikuwa la mtu mmoja mmoja. Halikuwa bado desturi ya wengi.

Kilicholeta desturi ni uhaba. Katika karne ya 19 viwanda vilichafua mito ya Uingereza na Marekani, misitu ikakatwa, reli ikawapeleka wavuvi wengi mahali palipokuwa mbali zamani. Trauti wakapungua. Ndipo watu wakashika elimu iliyogunduliwa na Mjerumani Jacobi katika karne ya 18, ya kukamua mayai ya jike, kuyachanganya na maji ya uzazi ya dume, na kuyaangua kwa uangalizi. Mwaka 1864 Seth Green alianza kuzalisha trauti hivyo katika jimbo la New York. Mwaka ule ule mayai ya trauti yalivushwa bahari katika barafu, toka Uingereza mpaka Tasmania. Hata kwetu Afrika ya Mashariki samaki huyu alifika: mwaka 1905 aliletwa Kenya toka Scotland, akatiwa katika mito ya milima ya Aberdare.

Sasa tutazame maziwa ya watu wenyewe. Trauti jike huchimba changarawe ya kijito, akataga humo, mahali maji yapitapo daima na kuyapa mayai hewa. Ziwa dogo lisilo na kijito cha namna hiyo haliwezi kuzaa trauti wake. Basi mwenye ziwa hana budi kununua samaki na kuwatia, akawa kama mfugaji ajuaye bei ya kila ng'ombe wake. Samaki aliyekaangwa amekwisha. Aliyerudishwa akiwa mzima aweza kuvuliwa tena, na mgeni mwingine akalipa tena.

Hesabu hii haikuwa ya wenye maziwa peke yao. Mwaka 1939 Mmarekani Lee Wulff aliandika katika kitabu chake kwamba samaki wa namna hii ni mali kubwa mno, wala haifai avuliwe mara moja tu. Mwaka 1952 jimbo la Michigan lilianza kuitumia njia hii ili kupunguza gharama ya kutia samaki wa kufugwa. Twaona, basi, ya kuwa desturi hii ilisukumwa na mkoba kama ilivyosukumwa na huruma.

Lakini hesabu hiyo yafaa tu samaki akiishi. Trauti aliyepigana kwa muda mrefu amechoka kama mtu aliyepanda mlima mbio. Maji yakiwa ya moto hushika hewa kidogo, naye hawezi kupata nafuu upesi. Mkono mkavu humwondolea ute umkingao na maradhi. Ndiyo sababu wavuvi wenye akili hutumia ndoana isiyo na ule mwiba wa nyuma ya ncha, hulowesha mikono, hawamkawizi nje ya maji, na siku za joto kali huacha kuvua. Asiyefanya hivyo humwona samaki akienda zake, akafurahi, kumbe kesho yake anaelea tumbo juu.

Hata hivyo mataifa hayakupatana. Katika bustani ya taifa ya Yellowstone, Marekani, sheria yataka trauti wa asili warudishwe. Katika Uswisi ni marufuku kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha, kwa kuwa kumwumiza mnyama kwa furaha tu si sababu ya haki. Hawa waangalia wingi wa samaki, wale waangalia maumivu ya mmoja.

Mimi naona hivi. Mvuvi wa kwetu atumiaye wavu wenye matundu makubwa, wadogo wakapita, amekwisha kufanya kazi ile ile ya kurudisha, pasipo kutoboa mdomo wa samaki hata mmoja. Huyo achukua kitoweo cha leo na kuacha cha kesho. Naye wa ziwa la kulipia, akitaka kula, na amwue samaki upesi. Akitaka kumwacha, na amwache akiwa na nguvu za kuishi. Kumwachia aliyekwisha kufa si huruma wala si akiba.

Yule mtoto nilimjibu ya kuwa watu hao nyumbani hula kitu kingine. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wameshiba." Ni kweli, lakini hata mwenye njaa ajua ya kuwa akiba haiozi.